Mzee Rudia, Aliyeniuliza Mara Tatu

Kwenu nyote wa ofisi ya Tume ya haki za binadamu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mama mwenyekiti, salamu. Huku sisi ni wazima, tunasukuma siku. Mama mkwe wangu anawasalimu. Masikio yamegoma kabisa ila ulimi uko palepale. Wifi yangu anawasalimu. Binti yangu, yule wa cherehani, anawasalimu, na mjukuu wangu anasema shikamooni, meno ya mbele yameng'oka yote. Asiyewasalimu ni mwanangu wa kwanza, na yeye ndiye aliyenifikisha kwenu.

Katibu wenu amenipigia simu, akaniomba maneno ya jarida la wafanyakazi, kwa sababu mwisho wa mwezi huu mkuu wenu wa uchunguzi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nikamwambia shule na mimi tuliachana mapema. Akasema, andika unavyozungumza. Basi nimeandika, binti amenyoosha herufi.

Ninyi mna jina lake la kazini. Sisi wa kwenye benchi la korido tunamwita Mzee Rudia. Katibu anasema alianza mapokezi, siku ambazo Tume nzima ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na walalamikaji walishuka ngazi vichwa vikiwagonga kwa harufu. Akasoma jioni, akapanda. Amechunguza magereza, mashamba ya watu wakubwa, na hospitali iliyowafungia wazazi wodini kwa deni. Hayo mnayajua kunishinda. Mimi niandike ninayoyajua.

Mwanangu alikuwa seremala. Askari walimchukua karakana, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Nilipokwenda kituoni niliambiwa, "Tulimwachia siku ileile, mama. Muulizie kwa wanawake zake." Nikazunguka mji mzima kama kuku aliyekatwa kichwa. Wifi ndiye aliyenishika mkono akanileta kwenu.

Mzee Rudia alinisikiliza bila kushika kalamu. Nikasema, nikalia, nikatukana pia, Mungu anisamehe. Nilipomaliza akasema, "Sasa rudia, mama." Ndipo akaandika. Kisha akanisomea na kuniuliza, "Hapa nimekosea wapi?" Nilikuwa nimesema askari walimpiga mwanangu. Akauliza, "Uliona, au uliambiwa?" Nikachukia. Nikamwambia, wewe uko upande wao. Akajibu polepole, "Nikiandika umeona, watakuuliza ulisimama wapi. Ukikosa jibu, wamempoteza mara ya pili." Akaandika: aliambiwa. Tangu siku hiyo nimejifunza kupima ninachokisema, hata nikimsema jirani.

Nyumbani kwangu alikuja na chupa yake ya chai. Kwa mlalamikaji hanywi hata maji, ndiyo sheria yake, asije mtu akasema amenunuliwa kwa kikombe. Mimi niliona aibu, mgeni anakaa mdomo mkavu! Wifi akacheka: "Wifi, usijitie manukato. Mwanamume anayetembea na chai yake huyo haoi." Mzee Rudia alisikia. Akasema, "Kweli kabisa dada, na aliyenioa ndiye aliyeichemsha." Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba usio na maiti uingie.

Halafu Tume ikawaandikia watu wa kituo wajibu tuhuma, kama utaratibu wenu ulivyo. Majibu yalianza kuja kwangu kabla hayajaja kwenu. Wanaume wawili, nguo za kiraia, sauti laini kama mafuta. Walimuulizia binti yangu. Walijua anashona wapi, anapita njia gani akirudi. Wakaniwekea karatasi inayosema nimeondoa lalamiko kwa hiari yangu. Nikatia sahihi. Aliyekwisha kupoteza mmoja hachezi na wa pili.

Ofisi nyingine ingepokea karatasi ile na kufunga jalada, kazi imepungua. Mzee Rudia ana mwendo wake: lalamiko haliondolewi kwa karatasi, linaondolewa kwa mdomo wa mwenyewe, mara tatu, mahali patatu, pasipo mtu wa kituo wa kusikiliza. Alikuja nyumbani. Mmoja wa wale wanaume alikuwa amekaa dukani ng'ambo ya barabara, soda mkononi haishi. Nikasema, nimeondoa. Akashukuru, akaondoka. Akanifuata kliniki, kwenye foleni ya presha ya mama mkwe. Nikasema, nimeondoa, baba, niache. Hakunikaripia wala hakunibembeleza. Akasema tu, "Imebaki moja. Chagua wewe mahali."

Nikachagua chumba cha kushonea cha binti yangu, kwa sababu cherehani zile zikianza pamoja husikii hata mawazo yako. Akaniuliza. Kabla sijafungua mdomo binti akainua mguu kwenye pedali. "Mama, wanakuogopesha na mimi. Mbona mimi hujaniuliza?" Nikamwambia, wewe ndiye niliyebakiwa naye. Akasema, "Na yeye alibakiwa na nani mle ndani?" Nikakiweka chini kitambaa nilichokuwa nimekishika. Kisha nikamwambia Mzee Rudia, siondoi. Naye, jamani, akasema, "Hiyo nayo rudia." Nikarudia kwa sauti, mafundi wote wakageuka.

Wiki ileile aliingia mahabusu ya kituo bila kupiga hodi, akazungumza na kila aliyefungiwa mle peke yake. Mmoja alimkumbuka seremala aliyelala kwenye saruji akiomba maji, na asubuhi akatolewa amefungwa kwenye blanketi, miguu inaburuta. Kutoka hapo Mzee Rudia akaenda chumba cha maiti. Mhudumu alikumbuka kijana asiye na ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Msumeno ndio uliokula ncha ile, mwaka wake wa kwanza wa ufundi. Alikuwa amezikwa na manispaa, kama mtu asiye na kwao.

Hakunipigia simu. Alikuja. Chupa ya chai hakuifungua. Alinieleza yote bila kupunguza, nami namshukuru kwa hilo, kwani huruma ya kuficha nilikuwa nimeshiba. Kisha akanipeleka makaburini akanionyesha tuta. Tuliambiwa baadaye kwamba askari wawili wamesimamishwa kazi na kesi inaandaliwa. Ombi la kibali cha kumfukua, tumlete alipozikwa baba yake, litasikilizwa mahakamani mwezi ujao, Mzee Rudia akiwa ameshastaafu.

Mzee Rudia, baba yangu, miaka yote hiyo umebeba vilio vya watu na mgongo wako umesimama. Umetuamini na pia umetuhoji, na sasa nimejua vyote viwili ni heshima. Kapumzike. Ulale usingizi usiokatwa na simu, ule chakula kikiwa bado cha moto, na mama aliyechemsha chai yote ile akuone mezani mchana. Uzee wako uwe mwepesi, na Mungu akuzidishie.

Na ninyi mnaobaki, msinione msumbufu. Sijaambiwa nani amelichukua jalada la mwanangu. Pale makaburini hakuna jiwe wala jina, ni kijiti chenye namba, na matuta ya pembeni yote yanafanana. Anayelijua la mwanangu kwa hakika ni Mzee Rudia na mchimba kaburi, na mchimba kaburi ni mgonjwa. Mawingu yameanza. Mvua ikishuka, tuta linalala na kijiti kinakwenda na maji. Nawaomba, kabla hajakabidhi funguo, aende na huyo afisa mpya, amwekee mkono juu ya udongo wenyewe, na mimi niwepo. Simu ya binti iko wazi mchana kutwa. Tuleteeni neno wiki hii, hata likiwa moja.