Tarishi Tumainieli na Daraja la Dereva Shaweji

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 1957, saa tisa alasiri, Bwana Tumainieli Mkwizu atautua mkoba wa barua mezani kwangu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi mitatu akiwa tarishi wa ofisi yetu hapa Same, na njia ya Mwembe hadi Mbaga ameikanyaga mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili na, kwa maneno ya postamasta, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Hiyo sababu ya pili nimeipokea kwa furaha zaidi.

Alizaliwa Shighatini, Ugweno, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Alishuka Same akiwa na miaka ishirini na minne kutafuta kazi ya reli, akakuta nafasi zimejaa, akavuka barabara akaja kwetu. Alipewa kofia nyekundu, koti la kaki lililompwaya mabegani, na mkoba. Koti amelibadilisha mara saba. Mkoba hajaupoteza hata siku moja, wala ule mwaka wa mafuriko alipovuka mto maji yakimfika kifuani, akiwa amejitwisha barua kichwani kama mama anayetoka kisimani.

Hayo yamo kwenye faili. Yasiyomo yalianza mwaka 1934, Mwalimu Nathanaeli wa Mbaga alipoanza kuletewa gazeti la kila mwezi lililochapwa Tanga, liitwalo Mbiu ya Nyika. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na hadithi ya dereva wa lori aitwaye Shaweji, mtu mkali, mwenye majivuno, asiyemwomba radhi mtu yeyote duniani, ambaye kila mwezi alikwama mahali pabaya na kila mwezi akajinasua. Shaweji hakuwa mtu wa kweli. Nasema hili mapema kwa sababu huko mlimani wapo ambao hawakuelezwa mapema.

Gazeti lilifungwa kwa ukanda wa karatasi, na Tumainieli aligundua kwamba ukanda ule huvulika bila kuchanika. Mwezi wa pili tu Mwalimu alimfumania ameketi juu ya jiwe njiani, midomo ikimcheza. Badala ya kumshtaki, alimpa ruhusa ya kusoma kwa sharti moja: asimwambie kilichotokea. Mdomo Tumainieli aliuzuia, miguu ilimshinda. Shaweji akiwa salama, tarishi alifika Mbaga kabla ya kengele ya adhuhuri. Shaweji akiwa taabani, alijikokota mpaka saa tisa, na Mwalimu akalalamika kwamba hadithi yake imeharibiwa na nyayo.

Punde wengine wakataka kusikia. Njiani mlikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, ambapo watu hukutana kugawana zamu za kumwagilia mashamba. Kila gazeti lilipofika, Tumainieli aliliazima kwa Mwalimu, akapumzika pale jioni na kuwasomea waliokuwapo. Sijui aliipata wapi sauti ile. Ofisini huongea taratibu kama mgonjwa, lakini akisoma maneno ya Shaweji hata mbuzi waliacha kula. Mimi mwenyewe nilipanda mara kadhaa kwa kisingizio cha ukaguzi wa njia, na leo naungama.

Mshabiki mkubwa kuliko wote alikuwa Bi Eliwaza, mjane mwenye shamba la mahindi chini ya ndiva ile. Yeye hakusikiliza tu, aligombana. Shaweji akikataa kula kabla ya safari, Bi Eliwaza alimkaripia. Akijibu wazee vibaya, alisema huyu hakulelewa. Siku moja alimwomba mzee wa kanisa amwombee kijana wake aliye safarini, Shaweji, na usharika mzima ukamwombea Jumapili mbili. Ya tatu Mwalimu Nathanaeli alirudi kutoka likizo, akainama kicheko kikamtoka katikati ya sala. Bi Eliwaza alipoelezwa kwamba Shaweji ni wa hadithi, alijibu kwamba hata hivyo barabara zake ni mbaya.

Na habari zilishuka. Sendeu, mfugaji wa nyikani aliyekuwa akileta ng'ombe mnadani Same, alizisikia kwa Tumainieli na kuzipeleka bomani kwao kwa Kimaasai. Aliporudi kutusimulia alivyosimulia, tulikuta Shaweji ameoa wake watatu, ana ng'ombe arobaini, na lori halitajwi tena. Sisi tulicheka. Tumainieli hakucheka. Ndipo nilipoijua kanuni yake, ambayo aliishika kuliko kanuni zote za ofisi: msomaji ni tarishi, huyafikisha maneno kama alivyopewa, haongezi wala hapunguzi. Alisema anayeongeza neno la kwake ni sawa na anayefungua barua ya mtu na kuandika ndani.

Sitaficha ya mwaka 1939. Agosti ile ya kiangazi, Andrea aliyekuwa na kazi ya kuziba mlango wa ndiva kila jioni alisahau kuuziba, kwa sababu Shaweji alikuwa amefungiwa ghalani na moto unakaribia. Kulipokucha ndiva ilikuwa tope tupu, na zamu ya asubuhi ile ilikuwa ya Bi Eliwaza. Mahindi yake yalinyauka. Wazee walimtoza Tumainieli mbuzi mmoja na kutaka kuipiga marufuku hadithi. Bi Eliwaza mwenyewe ndiye aliyesimama akasema mbuzi apokewe, lakini hadithi ibaki, ila isomwe mlango ukishazibwa. Tangu hapo Andrea alikuwa anaziba ndiva mapema mno, mpaka watu wa zamu ya jioni wakanung'unika.

Oktoba 1942 tulipata toleo ambalo hatukujua kuwa ni la mwisho. Lori la Shaweji, limejaa abiria, lilikuwa juu ya daraja la mbao, mto umefurika, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani. Chini yake liliandikwa neno moja: Itaendelea. Novemba gazeti halikuja, wala Desemba. Vita vilikuwa vimekausha karatasi, na Mbiu ya Nyika ikafungwa. Tumainieli aliandika Tanga mara nne kuuliza, na mara nne nilimrudishia bahasha yake ikiwa na muhuri wa kutopatikana mpokeaji. Sikuwahi kufanya kazi iliyonichukiza zaidi ya hiyo.

Watu walimsihi atunge mwisho yeye mwenyewe, kwani nani alimjua Shaweji kuliko yeye? Alikataa katakata. Mwenye kujua ni mwandishi, alisema, na mwandishi hajaleta. Basi kwa miaka sita Shaweji alikaa juu ya daraja lile, na Bi Eliwaza hakukosa kuuliza kila tarishi alipopita kama kuna lolote. Tumainieli alivua kofia akamjibu kwamba bado.

Mwanzoni mwa mwaka 1949 Bi Eliwaza alipatwa na uvimbe tumboni. Mganga wa misheni alisema apelekwe hospitali Tanga apasuliwe kabla ya masika, vinginevyo mwaka hautaisha naye. Mwanawe Aminiel aliomba ruhusa kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi, akaja na vijana wanne na machela. Mama akagoma. Hakuogopa kisu, aliogopa treni. Alikuwa amesikia kwamba njiani kuna madaraja, na kwa madaraja alikuwa na ushahidi wake: kama Shaweji, kwa ujanja wote ule, miaka sita hajavuka, yeye kikongwe atavukaje? Aminiel alibembeleza, mchungaji akaonya, Mwalimu Nathanaeli akaeleza habari za vyuma na zege. Bi Eliwaza aligeukia ukutani.

Siku ya tatu tarishi akafika, nami nilikuwa nimefuatana naye, safari hiyo kwa ukaguzi wa kweli. Aminiel alimweleza mlangoni. Mimi niliyeijua kanuni ya Tumainieli niliona jinsi ilivyokuwa ikimtafuna. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaingia, akamwamkia, akasema, "Mama, imekuja."

Akasoma. Shaweji alizima injini, akavua viatu asitikise mbao, akawashusha abiria mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, akianza na mkongwe kuliko wote. Alimwuliza kila mmoja nani anamngoja nyumbani, akawaomba radhi kwa kuwachelewesha. Lori lilipobaki tupu, jepesi, likarudi nyuma likasimama juu ya mbao, Shaweji akawasha injini, likavuka. Alisoma karibu nusu saa bila kukwama hata mara moja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na karatasi ile niliiona. Lilikuwa tangazo la chanjo ya ng'ombe.

Bi Eliwaza aliuliza kama mto ulikuwa bado umefurika. Tumainieli alitazama tangazo, akajibu kwamba ulianza kupungua. Mama akaomba kitenge chake, akapanda machela.

Mimi na Tumainieli tukashuka mpaka Mwembe. Hapo akaniambia nimwandikie postamasta kwamba yeye si tarishi mwaminifu tena. Nilimwambia sina wino. Kwa miezi mitatu hakuna aliyemsikia akisoma chochote kwa sauti, hata anwani.

Bi Eliwaza alirudi Aprili, amekonda, amepona, ameshikwa mkono na Aminiel. Tulimpokea stesheni. Tumainieli alikuwa amekwisha kujiandaa kuungama. Alimwamkia, akavua kofia, akaanza kwamba ile karatasi, mama, ile karatasi haikuwa. Bi Eliwaza alimkatiza.

"Mwanangu, Shaweji nilimsikiliza miaka minane. Hajapata kumwomba mtu radhi. Hajapata kumwuliza abiria nani anamngoja. Aliposhika mkono wa yule mkongwe nikajua huyu si Shaweji, huyu ni tarishi wetu. Basi nikasema, na huyu nitavuka naye."

Tumainieli alilia pale pale, mbele ya wabeba mizigo na mkuu wa stesheni, na mimi nililia pia ingawa nilisema ni vumbi la treni. Tangu siku ile ameendelea na kanuni yake. Amesoma hadithi nyingine nyingi mlimani na hajaongeza hata neno moja, nasi hatujamwomba.

Bwana Tumainieli anarudi Shighatini, ambako mkewe Ruthi ametangulia kupalilia kahawa. Umri alio nao ni wa kupumzika, ila nadhani watu wa Ugweno hawatamwacha apumzike sana watakapoisikia sauti ile. Kwenye hafla ya Ijumaa tutakunywa chai nyuma ya ofisi, na Bi Eliwaza ameleta salamu kwamba anashuka kwa lori la kahawa na anataka kiti cha mbele.

Mzee mwenzetu, ofisi nzima inakushukuru kwa miaka yote ya kutubebea maneno ya watu wengine bila kuyaharibu, na mimi nakushukuru zaidi kwa yale ya nusu saa yaliyokuwa yako. Siku zako Shighatini ziwe za amani na afya. Kuanzia Julai barua zako utaletewa, nasi tumekwisha mwonya tarishi wa huko kwamba mzee atakayempelekea barua hujua yaliyomo kwa kusikia nyayo za aliyezileta.

Yahaya Mrindoko
Karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote, Same