Kamanda Chini ya Benchi

Kwanza niseme ukweli: debe nililipiga mimi. Kilichomwagika ni kahawa ya Safina, muuza kahawa wetu, birika zima, nusu yake juu ya suruali yangu ya kwendea harusini, mahali ambapo mtu wa miaka hamsini na mbili hapapulizwi hadharani. Nilikuwa nimepiga magoti kijiweni kwetu, kona ya stendi ya Nachingwea, makalio yakitazama barabara, namwomba radhi mbwa. Huyu ni Kamanda, mbwa wa Felisian wa Kilimarondo, kafungwa kamba kwenye mguu wa benchi. Tangu tembo walipoingia shambani mwezi jana, bati likilia tu anajificha, anatetemeka, anajikojolea. Mimi nikasema dawa ya moto ni moto, aliyeogopa debe atibiwe kwa debe. Nikalipiga. Akaruka, kamba ikanyooka, ikalizoa birika juu ya jiko la mkaa, naye akaingia chini ya benchi.

Safina: Pasipoti, hiyo dawa umeitoa nchi gani?

Wananiita Pasipoti kwa sababu ya safari zangu.

Mimi: Msumbiji. Kule Nampula wanatibu hivyohivyo.

Safina: Nampula ipi, nawe ulirudishwa mpakani hata viatu havijapata vumbi?

Felisian: Mwacheni huyo mbwa. Saa sita Dastani wa bodaboda anakuja na gunia. Atamchukua, akamwache porini mbele ya Naipingo. Mbwa wa shamba asiyebweka ni mdomo wa kulisha tu. Binti yangu Valentina analia tangu jana, hataki kula. Lakini mahindi hayalindwi kwa machozi.

Bakary alikuwa amekunja miguu juu ya benchi, maana ametawadha na pua ya Kamanda haijulikani itatokea wapi. Tunamwita Wakili. Ameshindwa kesi tatu baraza la kata, zote kajitetea mwenyewe.

Wakili: Usimtupe. Mchanganyie nyigu saba kwenye ugali. Mbwa akimeza nyigu anakuwa mkali mpaka wewe mwenyewe unapiga hodi kwako. Samaki mkunje angali mbichi!

Felisian: Ana miaka sita, Wakili. Ubichi uko wapi?

Wakili: Basi mkunje hivyohivyo mkavu.

Safina: Na wewe ulimeza nyigu wangapi, mbona barazani unanyong'onyea?

Mimi, ambaye suruali yangu ilikuwa bado inafuka moshi, sikukubali kupitwa.

Mimi: Kwa bibi yangu, mtoto akiugua asipone, anabadilishwa jina. Kamanda ni cheo, na cheo kina mzigo. Tumwite Raia, apumzike.

Wakili: Hapo umenena! Ila aandikiwe barua ya kustaafu.

Safina: Nakala kwa tembo.

Hata Felisian alicheka, ila akakata katikati, akatazama saa kwenye simu.

Katika kucheka huko akaja mama mmoja wa Chinongwe, Mwanamvua, ungo wa mbaazi mkononi; alikuwa pembeni anasubiri gari la Ruangwa, na yote kayasikia. Akaomba nafasi, akaketi ncha ya benchi, akaendelea kuchambua mbaazi zake. Akamega kipande cha muhogo wa kuchemsha, akakiachia chini kama kilichomponyoka, wala hakutazama kimekwenda wapi. Baada ya muda pua ikajitokeza.

Mwanamvua: Baba, siku ya tembo huyu alikuwa wapi?

Felisian: Shambani. Nilimfunga kwenye nguzo ya dungu, kile kichanja cha kulindia, abweke asitoroke.

Mwanamvua: Na wewe?

Felisian: Juu ya dungu. Napiga debe.

Mwanamvua: Tembo wakapita wapi?

Felisian alikwaruza kucha yake kwanza.

Felisian: Hapohapo chini. Kamba ilikuwa fupi.

Wakili akashusha miguu bila kukumbuka udhu. Safina akaacha kufuta jiko.

Mimi: Sasa mama, dawa yake nini?

Mwanamvua: Mimi fisi waliniingilia zizini. Akabaki mbuzi mmoja, jani likianguka anajigonga ukutani. Kumfanya sikumfanya kitu. Kila asubuhi, saa ileile, nakaa karibu naye nachambua mbaazi. Simwiti, simshiki. Mlango nauacha wazi. Mbaazi za msimu uliofuata zilipokomaa, akaja mwenyewe kunisukuma goti. Kelele bado zinamshtua mpaka leo, lakini anakula.

Felisian akapiga magoti palepale nilipopigia mimi, juu ya kahawa, akafungua fundo. Lilikuwa limekaza, akatumia meno. Kamanda akatoka, akajikung'uta, akasimama. Hakukimbia.

Ndipo Dastani akafika na gunia begani, akapiga honi. Mbwa akaruka nyuma ya miguu ya Mwanamvua.

Felisian: Zima pikipiki! Gunia rudi nalo. Huyu anakaa nyumbani na Valentina.

Wakili: Na mahindi?

Felisian: Nitalinda mwenyewe.

Wakili: Bila mbwa?

Felisian: Nimesema mwenyewe.

Akaketi chini kwenye vumbi, akanyoosha mkono, akaita jina taratibu. Kamanda akamtazama kitambo. Kisha akalala, kidevu juu ya kandambili za Mwanamvua.

Felisian: Miaka sita namlisha mimi. Mbona haji kwangu?

Mwanamvua akapuliza maganda kwenye ungo.

Mwanamvua: Ungekuwa wewe, ungekuja?