Mzee Rwegoshora Anaipisha Mashine

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Siku ya shindano la Aprili mimi ndiye niliyehesabu bolti, na nilihesabu nusu tu ya yaliyopaswa kuhesabiwa. Kwa sababu ya nusu hiyo, Mzee Rwegoshora wa Kamuli anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1954, baada ya miaka ishirini na saba katika karakana ya machimbo yetu ya bati, na miaka mitatu kabla ya wakati wake.

Alikuja mwaka 1927 akitoka kwa baba yake mhunzi, ambaye alifua majembe. Miaka miwili alivukuta moto, kisha akakabidhiwa kerezo, yaani mashine inayozungusha chuma huku fundi akikichonga. Tangu hapo amekosa kazini siku tano tu: nne za malaria, na moja ya ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Mashine mpya inayomrithi ilifika Machi, na tayari imelala siku tisa ikingoja kipuri kutoka Nairobi. Hizo hazikuandikwa kuwa utoro, kwa kuwa ilikuwepo kazini. Haikufanya kitu tu.

Kazi yake kubwa ilikuwa bolti za matoroli yanayoshusha mawe kutoka mlimani. Tunayo matoroli thelathini na moja, yote ya zamani, na matundu yake yamelika kila moja kwa namna yake. Kwa hiyo Mzee hakukata bolti za aina moja. Kila toroli lilikuwa na kamba yake ya mgomba, imetundikwa kwenye msumari juu ya kerezo, na mafundo yake yakimwonyesha aongeze unene kiasi gani, na wapi. Toroli likilika zaidi, alifunga fundo jingine. Akiletewa kazi aligusa kamba kwa kidole, akakata, na bolti ikaingia.

Bwana Injinia aliyekuja na mashine mpya aliziona kamba hizo akauliza ni nini. Karani Mkuu wetu, ambaye amesoma sana na kwa hiyo hajawahi kusema neno "sijui", alimjibu palepale, "Ni dawa zao, Bwana." Basi ikaandikwa rasmi kwamba fundi wa kerezo anategemea uganga. Mzee Rwegoshora ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Alipopewa habari hiyo alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku la misumari. "Ningekuwa na dawa," alisema, "ningeanza na birika lenu la chai, liache kuvuja."

Haifai kuisema vibaya mashine mpya. Inajilisha chuma yenyewe, inakata hesi, ile mifereji ya kuzungushia nati, yenyewe, inadondosha bolti kwenye ndoo yenyewe. Haisemi shikamoo, lakini pia haingoji kuitikiwa, na hapo peke yake karakana imeokoa nusu saa kila asubuhi. Haiendi msibani. Haina shangazi. Mzee aliagizwa amsaidie Bwana Injinia kuisimika, akaisaidia kwa moyo wote, hata akamwonyesha mguu mmoja uliokaa chini kuliko mingine. Si kila mtu hupata heshima ya kumsawazishia miguu anayekuja kuchukua nafasi yake.

Siku ya shindano kati ya Mzee na mashine nilipewa daftari. Nilikuwa na miezi minne tangu nitoke shule, na kazi yangu ilikuwa kuandika na kunyamaza, mambo mawili ninayoyaweza. Kufikia jioni mashine ilikuwa imekata bolti mia nne, zote zinang'aa, zote sawa. Mzee alikuwa amekata thelathini na nane. Wakubwa walipiga makofi.

Kisha Mzee Desderius, mnyapara wa matoroli, akazichukua kwenda kuzijaribu. Alirudi akiburuta ndoo. "Binti yangu," akaniambia, "hizi thelathini na nane zimeingia zote. Hizi mia nne, zilizokaa ni kumi na moja. Nyingine zinacheza ndani ya tundu kama jino la mtoto. Andika na hiyo."

Nilikwenda kwa Karani Mkuu nikasimama mlangoni. Aliponiona nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri kwamba kuna hesabu nyingine. Akasema, "Binti, tunataka namba, hatutaki hadithi." Kumi na moja ni namba, lakini sikulisema hilo. Nilifunga daftari. Mpaka leo Mzee Desderius anaamini kwamba niliandika, na kwamba wakubwa walipuuza.

Mwezi Mei toroli namba saba, likiwa na bolti nne zinazong'aa, liliachana na gurudumu lake katikati ya mteremko. Mzee Desderius, aliyekuwa amelipanda, aliruka akapona, akachubuka mkono. Toroli liliendelea peke yake, nalo likijiendesha sasa, mpaka katikati ya shamba la Mama Adelgunda, likalaza migomba sita. Mama Adelgunda alikuja mpaka ofisini na mundu mkononi. "Waitu jamani, nani kawaambia nimeagiza mawe?" akauliza. "Au ndiyo mashine yenu mpya imekuja kunisalimia?" Katika kitabu cha matukio iliandikwa kwamba toroli namba saba lilichelewa kurudi. Karani Mkuu alieleza kwamba bolti hazina kosa lolote. Yenye kosa ni matundu.

Siku ile ile, wakati wa chakula, Mzee Rwegoshora aliwasha kerezo bila kuagizwa, akaishika kamba ya namba saba, akakata bolti nne. Toroli limetembea tangu siku hiyo. Hilo nalo halikuandikwa.

Sasa mashine imesifiwa kiasi kwamba makao makuu Bukoba yataamua Julai kama vijana watatu wa kerezo waliobaki, Melkiory na wenzake wawili, nao waende nyumbani. Melkiory anasema ataomba kazi ya kuifuta mashine jasho. Mwenzake akamwambia haitoki jasho. "Ndiyo maana nitaiweza," akajibu. Walicheka, kisha hakuna aliyemaliza chai yake.

Jumatatu wiki hii Karani Mkuu alimwagia chai ripoti ya shindano iliyokuwa ikingoja kupelekwa Bukoba, akanipa niipige chapa upya. Ukurasa wa kwanza niliuacha kama ulivyokuwa. Kisha nikaingiza karatasi ya pili. Niliandika thelathini na nane kwa thelathini na nane. Niliandika kumi na moja kwa mia nne. Niliandika toroli namba saba, mkono wa Mzee Desderius, migomba sita, na kazi ya kamba zile, fundo kwa fundo, kama nilivyomwona Mzee akizitumia. Bwana Mkubwa, meneja wa machimbo, alitia sahihi zote mbili, kama anavyotia sahihi kila kitu kinachomkuta kabla ya chakula. Lori limeondoka leo alfajiri na mfuko wa barua. Litalala njiani, Omurushaka, na Ijumaa litakuwa Bukoba.

Sijui kama karatasi moja itawabakiza watatu. Najua haitakurudishia wewe miaka yako mitatu, Mzee wetu, na kwa hilo nisamehe. Asante kwa kila toroli lililofika chini na mtu wake mzima. Nenda salama Kamuli, kahawa yako izae, magoti yapumzike, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Nanyi mnaosoma karatasi hii ya sherehe, nawaombeni kitu kimoja. Bwana Mkubwa hasomi Kiswahili, na Karani Mkuu husoma tu mahali penye jina lake, ndiyo maana sikuliandika. Tafadhali msimwambie mtu mpaka Ijumaa.