Boya la Ngoné

Benchi letu hapa Yène, pwani ya Senegal, limeegemea ukuta wa Mama Daro, muuza kahawa ya Tuba, ile yenye viungo, na asubuhi ile hakuna aliyekuwa amekaa kwa raha. Boya la njano la Ngoné Ciss, lililokuwa likielea mbele ya kijiji tangu mwaka jana, lilikuwa limelala mchangani, kipande cha kamba kikining'inia. Vyombo vya kupimia vilivyofungwa kwenye kamba hiyo vilibaki huko chini baharini. Ngoné ni binti wa hapahapa; sasa anafundisha mambo ya bahari Dakar, na alikuwa njiani anakuja. Tulikuwa tunamsubiri: Waziri, ambaye hajawahi kushika hata ujumbe wa mtaa, Redio, ambaye hazimiki, mzee Massamba mvuvi, ambaye kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi, na mimi.

— Papa huyo, akasema Redio.

— Papa gani anakata kamba safi hivi? Nyambizi! akajibu Waziri.

— Nyambizi ije Yène kufanya nini? Kula wali na samaki?

— Kuficha siri, bwana! Kile chombo kilikuwa kinazisikiliza meli za nje zinazotuzolea dagaa.

— Acha zako. Kilikuwa kinakoroga bahari. Shemeji yangu amesikia mngurumo kwa masikio yake.

— Kinakoroga na nini, mwiko?

Mama Daro akacheka mpaka akamwaga kahawa.

— Nyie si ndio mlisema kinanyonya baridi ya maji?

— Kinanyonya kwanza, mama, halafu kinakoroga, Redio akasema, bila hata kupepesa.

Ngoné akafika. Akatusalimia mmoja mmoja, akaulizia wake na wajukuu, ndipo akachuchumaa penye boya. Alikishika kile kipande cha kamba kwa muda, na aliposimama macho yake yalikuwa mekundu.

— Binti yangu, Redio akaanza, hebu tumalizie ubishi. Linakoroga, halikorogi?

— Bahari inajikoroga yenyewe, baba. Mimi naisikiliza tu.

Akapokea kahawa.

— Chakula cha samaki kiko chini, kwenye maji ya baridi. Jua liko juu. Maji yasipovurugika yakachanganyika, kile chakula hakipandi, na dagaa hawaji. Vyombo vyangu vinasikia joto la maji linavyotetemeka, likipanda na kushuka, kule kunakovurugika. Tukijua yanachanganyika kiasi gani, na lini, tutajua kwa nini mwaka mmoja samaki wanajaa na mwingine hawaonekani. Vipimo vyote vya mwaka mzima vimo ndani ya vyombo hivyo.

— Aliyekata tumkamate! Waziri akaruka juu. Tumtoze! Tumfukuze kijijini!

— Kaa, baba. Hii ni kazi ya kisu cha mvuvi, na mvuvi hakati kamba nene hivi kwa kujifurahisha.

Akatutazama.

— Wavu ulipona?

Hata Redio alizimika. Nani angejibu, bila kujitaja au kumtaja mwenzake?

Mzee Massamba akaweka kikombe chini.

— Nusu.

Sauti yake ilikuwa ndogo.

— Wavu ulinasa, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia. Nilikuwa na mkwe wangu, hajui kuogelea. Nikakata kamba, nikakata na wavu. Nisamehe, mwanangu.

— Mkwe wako mzima?

— Mzima.

— Na nusu nyingine ya wavu?

— Imebaki kwenye kamba yako.

— Basi wavu wako umeshikana na vyombo vyangu. Nipeleke, baba.

Walikwenda na nanga ya kukokotea, ya kuburuta chini ya bahari mpaka inase kamba, na Waziri akaenda nao, hakukatazika. Walirudi jua limeshainama, na lile rundo tukalivuta mchangani sote: kamba, wavu na mwani, na vyombo vimefungwa humo ndani kama mtoto mgongoni. Mzee Massamba akachomoa kisu ili aukate wavu wake. Ngoné akamshika mkono.

— Wavu huu unahitajika kesho. Polepole tu.

Akaketi mchangani, akaanza kulifungua fundo la kwanza. Tukaketi naye. Mama Daro akatuletea birika hukohuko ufukweni, na kahawa ilipoisha hakuna aliyenyanyuka.