Fanueli Mwalongo na Salamu Isiyoitikiwa

Marehemu Fanueli Mwalongo alizaliwa tarehe 14 Mei 1908, karibu na misheni ya Kidugala, Ubena. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Methusela Mwalongo na mama Ruthi, ambao majina yao aliwarithisha wanawe.

Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilifunga shule ya misheni kabla hajazimaliza herufi. Alirudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake, akafika darasa la nne. Kiswahili cha Biblia alikijua vizuri. Cha kusalimiana na watu hakukijua, kwa kuwa kwao salamu ya “kamwene” hupewa mkubwa na mdogo.

Mwezi Julai 1929 aliletwa Tanga pamoja na manamba wenzake, kukata mkonge katika shamba moja nje ya Pongwe. Baadaye alihamishiwa korona, kwenye mashine ya kusaga majani ya mkonge, akawa fundi wake mpaka alipougua. Njiani kuja huku, mwenzake mmoja alimwambia kwamba salamu ya pwani ni shikamoo. Hakumwambia kwamba ni ya wakubwa. Basi Jumapili yake ya kwanza alikwenda kisimani, akawakuta wasichana wanateka maji. Akavua kofia, akasema, “Shikamooni.” Mmoja wao akajibu, “Marahaba, mjukuu wangu,” na wenzake wakacheka hadi ndoo zikamwagika.

Kwa neno hilo Fanueli alipenda, wala hakupona.

Tarehe 12 Septemba 1931 alifunga ndoa na Kristina, binti wa mwinjilisti Noa Shekiondo aliyetoka Vuga. Fanueli alishikilia kwamba msichana wa kisimani alikuwa Kristina. Kristina alishikilia kwamba siye: binti wa mwinjilisti hawezi kumjibu hivyo mwanamume asiyemjua. Mwenye ulimi wa namna hiyo, alisema, ni Semeni, jirani yao muuza mihogo ya kukaanga. Kila harusi Fanueli aliisimulia habari ile, na kila mara ilibadilika. Mara palikuwa na mvua, mara jua kali. Ndoo zikageuka mitungi. Neno peke yake halikubadilika. Kristina alipomtaka akamuulize Semeni, alijibu, “Sihitaji shahidi. Nilikuwepo.”

Kila asubuhi kabla ya kwenda korona alisimama mlangoni, akavua kofia, akamwambia mkewe, “Shikamoo.” Kisha alingoja. Kristina alimjibu kwamba chai ipo mezani. Watoto waliitikia kwa niaba ya mama yao, naye Fanueli aliwakataza. Wageni walidhani ni mzaha wa mume na mke. Haukuwa mzaha. Kristina aliona kila siku anaombwa asimame mahali pa mwanamke mwingine ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mihogo ya Semeni hakuinunua tena. Alikwenda kununua ng'ambo ya reli.

Mwaka 1956 marehemu alianza kukohoa. Februari mwaka huu kiharusi kikamshika upande wa kulia na kumwachia maneno machache. Moja lilikuwa lile. Alhamisi, tarehe 7 Machi, Kristina alikuwa akimlisha uji aliposema, kwa taabu, “Shikamoo.” Kristina akaweka kijiko chini. Akamwambia, “Mimi siye, baba Ruthi. Ungemwoa huyo huyo.” Fanueli alifumba macho. Hakusema neno jingine mpaka alipofariki, nyumbani kwake Pongwe, Jumamosi tarehe 9 Machi 1957, saa nne asubuhi.

Mchana ule Semeni alikuja kuhani. Kristina hakumuuliza, alimlaumu. Alimwambia kwamba sauti ya kisimani, aliyoitaka marehemu mpaka mwisho, ilikuwa yake.

“Sauti yangu ipi, shoga?” alisema Semeni. “Mwaka huo nilikuwa kwa bibi yangu Ushongo. Pongwe nimekuja kuolewa, Ruthi wako anatambaa. Hiyo ya mjukuu wangu ulinisimulia wewe, tena ukijisifu. Tulicheka mpaka ukamwaga uji wa mtoto.”

Kristina akamuuliza mbona alinyamaza miaka yote.

“Uliacha kununua kwangu. Nikajua mihogo yangu mibaya.”

Uji uliomwagika Kristina anaukumbuka. Kisima anakikumbuka, na kamba yake. Uso wa kijana mwenye kofia mkononi hauoni, hata akifumba macho, na jambo hilo linamkera kuliko anavyoweza kusema. Anamkasirikia Semeni, anajikasirikia mwenyewe, na marehemu pia, aliyekuwa na hakika siku zote akakataa kuuliza. Ameagiza yaandikwe haya yote kama yalivyo, wala yasilainishwe.

Marehemu ameacha mjane, Kristina, watoto watatu, Ruthi, Noa na Methusela, wajukuu wawili, na dada zake walioko Ubena, ambao simu ya msiba huenda haijawafikia. Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.

Kabla sanduku halijashushwa, mjane ameomba nafasi ya kusema neno moja. Tunaomba wanaume wavue kofia, na wote tunyamaze, aitikie.