Mistari Miwili Kabla ya Harusi

Ndugu zangu, mniwie radhi nikitoa ushuhuda huu nimeketi.

Wengi mnanijua kama mwanafunzi wa uzamili hapa Rongo. Nilijitolea kushiriki majaribio ya chanjo dhidi ya virusi vya UKIMWI kule Homa Bay. Sikulazimishwa. Dada yangu humeza dawa za virusi hivyo kila siku, nami nilitamani mno wakati ambapo binti zake wangedungwa sindano tu, kama ya surua, kisha wakaenda kucheza.

Kabla sijakubali nilielezwa waziwazi: chanjo ile haina virusi, ila huufundisha mwili kutengeneza kingamwili. Kipimo cha haraka nacho hutafuta kingamwili, si virusi; kwa hiyo chaweza kusema umeambukizwa ilhali hujaambukizwa. Tukaombwa tupimwe kwa watafiti wenyewe tu.

Lakini nilikuwa nimechumbiwa, na kanisa letu, kama mjuavyo, halifungishi ndoa kabla wachumba hawajapimwa pamoja. Tukaenda kliniki tuliyoelekezwa. Niliona haya kuomba nipimwe kwa watafiti. Mwenzangu akapata mstari mmoja, yaani hana virusi. Mimi, miwili.

"Ni ile chanjo," nikamwambia.

"Si ulisema inazuia? Sasa chanjo gani inaleta mistari mbili?"

Akaenda kwao Lambwe. Simu zangu hakupokea.

Nawaambia, ndugu zangu, kujua si sawa na kutulia. Maelezo yote nilikuwa nayo, lakini nikaanza kujiuliza: je, kama yote mawili ni kweli, chanjo na maambukizi? Tasnifu nikaiacha. Chakula pia.

Mama akaja kutoka Uriri. "Nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "wewe unafikiria mpaka ugali inapoa. Vaa viatu. Waliokudunga ndio watasema."

Tukaenda Homa Bay, wakatafuta virusi vyenyewe katika damu yangu. Havikuwamo. Mama alicheka, akalia, akaniomba leso.

Habari zikamfikia mchumba wangu. Akaja nyumbani na mjomba wake, na maneno mazuri. Aliyewamiminia chai ni dada yangu. Nilitamani kumkumbatia mchumba wangu, nasema kweli, hata leo natamani. Nikamwuliza, "Na kama vingekuwamo, ungekuja?"

Akamgeukia mjomba wake. Mjomba akajibu badala yake: "Hayo yamepita."

Kwangu hayakuwa yamepita. Nikawasindikiza hadi barabarani.

Baadaye majaribio yakasimamishwa, chanjo haikukinga. Siku hiyo nililia kuliko nilivyoililia harusi. Watafiti wakiita tena, nitakwenda. Tasnifu nimeirudia.

Namshukuru mama. Nawashukuru wauguzi walionieleza mara ya pili bila kunicheka, nanyi mlioniombea bila kudai sababu. Ninaloweza kuwaachia ni hili: mtu akikuonyesha majibu yake, usiondoke. Kaa naye hadi ajue kilichomo katika damu yake. Na hata virusi vikiwamo, endelea kukaa.