Arsenio Jasinto Chilumba, Aliyeanza Kusikia Miguu Yake

Ndugu waombolezaji, tumepigwa na butwaa, na msomaji akikwama katikati mtamwia radhi. Familia hii ilikuwa inajiandaa kwa misa ya shukrani baada ya Pasaka. Badala yake tuko hapa Mahurunga, tunamzika Arsenio.

Arsenio alizaliwa hapahapa tarehe 3 Juni 1981, mtoto wa pili wa mama Isabel na marehemu mzee Jasinto Chilumba, aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa kijana. Alimaliza shule ya msingi hapa mwaka 1996. Jembe hakulipenda hata kidogo, na mama yake alimwambia wazi, "Mwanangu, kwa kilimo hiki utakufa njaa. Katafute nyundo." Akaenda Mtwara mjini, akajifunza useremala, na mwaka 1999 akahitimu.

Alikuwa fundi wa kuezeka, na kenchi zake nyingi, mbao zinazobeba mapaa, ziko Ufukoni mjini Mtwara. Huko juu alikuwa na maneno mengi, anawatania wapita njia, na asiyemjibu alikuwa anaitwa kwa jina. Ndivyo alivyompata Neema, mwalimu aliyehamishiwa Mtwara kutoka Singida. Arsenio alipewa kazi ya kuziba paa la nyumba ya mwalimu huyo pale shuleni, akaikawiza mpaka mwalimu mkuu akauliza, "Fundi, unaziba paa au unajenga kanisa?" Walifunga ndoa tarehe 16 Septemba 2006, wakajaliwa watoto wawili, Tumaini na Gaudensi.

Tarehe 22 Agosti 2019 ubao ulivunjika akiwa juu, akaanguka. Uti wa mgongo uliumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu. Jamani, hujafa hujaumbika. Arsenio alilia, kisha akaomba aletewe randa, akaanza kutengeneza stuli na meza akiwa kwenye kiti mwendo. Kila jioni Neema alimgeuza na kumkagua makalio, nyonga na visigino, kwa sababu mwili usiosikia maumivu hutoboka kidonda na mwenyewe asijue. Neema hakuwahi kuchoka. Arsenio ndiye aliyechoka kugeuzwa kama mtoto mchanga mbele ya mke wake.

Februari 2024, akiongozana na mdogo wake Godfrey, alikwenda ng'ambo kwenye hospitali iliyokuwa inafanya majaribio ya tiba ya seli shina. Madaktari walichota mafuta kidogo tumboni mwake, wakazitenga seli zenye uwezo wa kusaidia kukarabati mwili, wakazikuza maabara, kisha wakamrudishia mgongoni kwa sindano. Walisema bila kuficha kwamba ni majaribio, wapo wanaopata nafuu na wapo wasioipata. Arsenio akapiga simu nyumbani akicheka: "Mama Tumaini, kitambi ulichokuwa unakisema ndicho kinachoniponya!"

Alirudi, miezi ikapita kimya. Mwezi wa Agosti, Neema akiwa anamwosha mapaja, Arsenio akashtuka: "We! Maji ya moto haya!" Neema alipiga yowe, majirani wakaja mbio na khanga wamejifunga viunoni, wakidhani kumefiwa. Walikuta mtu na mke wake wanalia na kucheka, beseni limemwagika. Kufikia Desemba alikuwa anasogeza goti la kushoto.

Basi siku moja akamshika Neema mkono. "Kunikagua sasa basi. Ninasikia mwenyewe. Nikiumia nitasema. Niache na mimi niwe mwanamume ndani ya nyumba yangu." Neema alisitasita, akakubali. Nani angekataa? Sote tulishangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuuliza kama makalio nayo yalikuwa yanasikia.

Hayakuwa yanasikia. Mwishoni mwa Februari mwaka huu wa 2025 alipata homa. Tulidhani malaria, kipimo kikasema hapana. Alipofikishwa hospitali na kugeuzwa, chini ya mfupa wa kitako kulikuwa na kidonda kilichofika mfupani, na sumu ilikwishaingia kwenye damu. Neema alikaa sakafuni palepale. Arsenio, akiwa na homa kali, alimwambia, "Usijilaumu. Ni mimi niliyekukataza." Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Machi. Tunajua tunapaswa kusema kazi ya Mungu haina makosa. Tunaisema, lakini akili haijapokea. Juzi daktari wa kule ng'ambo alipiga simu kumjulia hali, akauliza kwa furaha kama sasa anasikia hadi nyayoni. Neema alimpa Godfrey simu, akatoka nje.

Marehemu ameacha mjane, Neema. Watoto, Tumaini na Gaudensi. Mama yake, Isabel. Dada yake, Celia. Na mdogo wake, Godfrey.

Mjane ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema: "Mwenye mgonjwa wa mgongo nyumbani, akikuambia anasikia, mshukuru Mungu, piga vigelegele. Halafu mgeuze umtazame. Akikasirika, mwache akasirike. Mimi leo ningetoa chochote nipate kumwona Arsenio amekasirika."

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Arsenio, umpumzishe kwa amani.